QAT: mwongozo kamili wa neno la herufi tatu, kutoka shamba la miraa hadi ubao wa Scrabble

Nililijua neno hili kwa kushindwa. Tulikuwa barazani kwa mjomba wangu, Mombasa, baada ya alasiri. Ubao wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi vinavyovutwa mfukoni, ulikuwa juu ya kigoda, na kando ya goti lake kifungu cha miraa kimefunguliwa nusu, jani la mgomba bado limevibana vile vijiti. Herufi Q niliipata mapema, nikaishikilia mchezo mzima nikingoja U. U haikuja. Mjomba alimaliza vipande vyake, mimi nikakatwa pointi 13 za herufi zilizonibakia, naye akaongezewa hizo hizo 13. Kisha akainama kutazama kibao changu: Q, A, T, na L moja.

"Mjomba, unalo neno hapa na umelikalia," akaniambia. Akachomoa kijiti kimoja kwenye kile kifungu, akakiinua mbele ya macho yangu. "Ndilo hili ninalotafuna."

Tangu siku hiyo nimelichunguza neno hili kuliko neno lolote la Kiingereza, na nimegundua kwamba msemaji wa Kiswahili ana faida kubwa katika jambo ambalo wachezaji wengine wa Kiingereza hulihangaikia miaka. Nitaeleza hatua kwa hatua. Kama wewe ni mchezaji tayari, unaweza kurukia hatua ya saba, lakini ningependa uanze mwanzo, kwa sababu neno linalojulikana kwa asili yake halisahauliki.

Hatua ya kwanza: ijue maana yake vizuri

QAT ni nomino. Kamusi za Kiingereza huliandika kwa namna tatu kubwa: QAT, KAT na KHAT. Zote tatu zina maana moja: mmea ambao wataalamu wa mimea huuita Catha edulis, pamoja na majani na vikonyo vyake vichanga vinavyotafunwa ili kuchangamsha mwili. Yaani miraa ya Kenya, mirungi ya Tanzania, mairungi ya Uganda. Vijana wa Nairobi wataita veve au jaba, watu wa Mombasa watasema gomba. Muguka unaotoka upande wa Embu ni mmea huohuo, ila pale huuzwa majani matupu bila vijiti.

Hapa kwetu hatuhitaji kuelezwa sana. Aliyewahi kusimama Maua, kwenye vilima vya Nyambene, ameona jinsi mzigo unavyofungwa majani ya mgomba na kuondoka mbio. Mbio hizo zina sababu. Kemikali yenye nguvu kwenye jani bichi huitwa kathinoni, na jani linapokauka hiyo kathinoni hugeuka kuwa kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Ndani ya siku mbili hivi mzigo umepoteza makali yake. Ndiyo maana gari la miraa halijui breki.

Kisheria neno moja hili lina sura nyingi. Kenya ni zao la biashara. Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya, na kukamatwa nayo ni kesi. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na wakulima wa Meru waliumia sana kwa kupoteza soko la London. Kwa hiyo ukikutana na neno KHAT kwenye gazeti la Kiingereza, mara nyingi habari yenyewe ni ya sheria, biashara au afya.

Jambo la kukumbuka kwa ajili ya mchezo: hili ni jina la kitu tu. Halina umbo la kitenzi. Usijaribu kulitia ED wala ING mwishoni. Linakubali S ya wingi, basi. Na katika visiwa vya Banks, huko Vanuatu, Qat ni jina la shujaa wa hadithi zao za kale, lakini huyo ni mtu mwenye jina lake, na majina ya watu hayakubaliwi ubaoni. Anayekusaidia ni mmea.

Hatua ya pili: fuata njia lililopitia

Kiingereza kimelichukua neno hili kwa Waarabu, na hasa kutoka Yemen. Kwa Kiarabu huandikwa kwa qaf, alifu na ta: قات. Watu wa Sanaa huitamka qaf yao karibu na g, kwa hiyo ukisikia Myemeni akisema "gaat", ni neno hilohilo. Wasomali wanasema qaad, Waethiopia wanasema chat kwa Kiamhari, kwa ch nzito inayotoka kama kijiti kinachokatika.

Mzungu aliyeliingiza katika vitabu vya elimu ya mimea alikuwa Peter Forsskål, Mswidi aliyekwenda Yemen na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Aliugua malaria akafia huko Yemen mwaka 1763, akiwa kijana. Mwenzake Carsten Niebuhr, ambaye peke yake alirudi hai kutoka msafara ule, alizichapisha kazi zake mwaka 1775, na humo ndimo lilimotoka jina Catha. Ukilitamka jina hilo polepole utasikia qat imevaa nguo za Kilatini. Miaka themanini baadaye msafiri Mwingereza Richard Burton aliingia Harar, Ethiopia, mwaka 1855, akawaona watu wa mji wakitafuna, naye akaliandika kwa K: kat.

Hapo ndipo tahajia tatu zinapoeleweka. Sauti ya qaf haimo katika Kiingereza, kwa hiyo kila mwandishi aliikamata kwa mtego wake. Aliyetaka wepesi aliandika K. Aliyetaka kuonyesha kwamba ni K ya kooni aliongeza H. Aliyejali herufi ya Kiarabu yenyewe aliandika Q. Msomaji aliyepita chuoni, yaani madrasa, ataona mara moja kwamba KHAT inapotosha kidogo, kwa sababu KH kwetu ni ile ya kheri na khofu, sauti nyingine kabisa, herufi nyingine kabisa. Lakini Waingereza wameizoea, na leo magazeti yao huiandika zaidi kuliko zote. Sisi wachezaji tunashukuru kwa fujo hiyo: mmea mmoja, maneno matatu halali.

Hatua ya tatu: elewa kwa nini Q huwatisha watu

Kiingereza cha kale hakikuwa na mazoea ya QU. Neno la malkia liliandikwa cwen. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa na Kilatini walibadilisha hizo CW zikawa QU, na cwen akawa queen. Kutoka hapo ikawa kama sheria: Q haitembei bila U. Watoto hufundishwa hivyo shuleni hadi leo, na mazoea hayo ndiyo yanayomfanya mtu mzima akae na Q yake saa nzima kama nilivyokaa mimi.

Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyebuni mchezo huu miaka ya 1930 akiwa hana kazi, alihesabu jinsi herufi zinavyojitokeza katika magazeti, ndipo akapanga idadi na thamani. Seti ya Kiingereza ina vipande 100. Q ni kimoja tu, pointi 10. U ni vinne. A ni tisa, T ni sita. Tazama hesabu hiyo vizuri: ukiwa na Q, kungoja U ni kungoja kimoja kati ya vinne, ilhali A na T zimejaa mfukoni. Na K nayo ni moja tu, ya pointi 5. Kwa msemaji wa Kiswahili hilo ni ajabu. Fungua ukurasa wowote wa gazeti letu uhesabu K, ungepasuka mfuko.

Hatua ya nne: hesabu thamani na viungo vyake

Ubaoni kuna visanduku vinavyozidisha thamani ya herufi au ya neno. Bila kisanduku chochote cha kuzidisha, thamani ni hizi:

QAT 12, QATS 13
KHAT 11, KHATS 12
KAT 7, KATS 8

Zote zimo katika orodha ya Collins ya maneno halali, inayotumika Kenya na sehemu kubwa ya dunia, na zimo pia katika orodha ya Amerika Kaskazini. Hilo si jambo dogo, kwa sababu orodha hizo mbili hutofautiana kwa maelfu ya maneno. Neno fupi QI, yaani nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina, lilikubaliwa Amerika Kaskazini mwaka 2006 tu. Kabla ya hapo mchezaji wa kule mwenye Q isiyo na U alikuwa akiitegemea sana QAT.

Sasa tazama kinachoweza kutangulia au kufuata. QAT ni bahili: hukubali S mwishoni, mbele haikubali kitu. KHAT vilevile. Mkarimu ni KAT. Mwishoni hupokea S, na hupokea A ikawa KATA, neno la Kijapani ambalo wanakarate wetu wanalijua, ule mpangilio wa mapigo na vizuizi. Mbele hupokea I ikawa IKAT, kitambaa ambacho nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na hupokea S ikawa SKAT, mchezo wa karata wa Wajerumani. Kwa hiyo ukiona KAT ubaoni, usiione imekwisha. Ina milango kadhaa.

Kupangua herufi ni kazi nyingine yenye manufaa. KATS hizohizo ndizo TASK na SKAT. Ongeza herufi moja kwenye KAT: ukitia L unapata TALK, N inakupa TANK, C inakupa TACK, E inakupa TAKE na TEAK. KHAT ukiitia N inakuwa THANK. Mimi huwa najiuliza hivi kila nikiwa na K, A na T: je, nina sababu ya kutumia KAT peke yake, au nimkaribishe mgeni mmoja?

Tahadhari moja. QUAT lipo katika orodha ya Collins, lakini ni kipele au chunusi, neno la zamani la Kiingereza, halina udugu na mmea wetu. Na huwezi kuifanya QAT iwe QUAT ikiwa tayari iko ubaoni, kwa sababu herufi haiingizwi katikati.

Hatua ya tano: litumie ubaoni

Wanaoanza huweka QAT mahali popote pale wanapopata nafasi, wakashukuru kuiondoa. Wanapata pointi 12 na kuridhika. Hapo ndipo wanapopoteza. Neno fupi lenye herufi ghali hulipa linapolazwa sambamba na neno jingine, ili Q ihesabiwe mara mbili.

Chukua mfano huu, uupange mezani kwako. Ubaoni kuna IDOL kwa kulala, na mstari wa juu yake ni mtupu. Weka QAT juu yake, Q ikae juu ya I, A juu ya D, T juu ya O. Sasa soma kwa kushuka: QI, AD, TO. Maneno yote matatu ni halali. Hesabu bila kisanduku chochote cha kuzidisha: QAT 12, QI 11, AD 3, TO 2, jumla 28. Vipande vitatu tu vimekutoka.

Sasa sogeza mfano uleule mahali ambapo Q inaangukia kisanduku cha kuzidisha herufi mara tatu. Q inakuwa 30, na inakuwa 30 pande zote mbili, kwa sababu inahesabiwa katika QAT na tena katika QI. QAT inakuwa 32, QI 31, AD 3, TO 2. Jumla 68. Mtu anayemwaga vipande vyote saba kwa herufi za pointi moja moja hapati zaidi ya hapo kwa urahisi, hata akihesabiwa zawadi yake ya 50.

Kwa hiyo mazoea yangu ni haya. Nikivuta Q, kabla ya kutazama herufi nyingine natazama ubao: wapi kuna I iliyo wazi juu yake au kushoto kwake, na je, pembeni yake kuna kisanduku cha kuzidisha? Kisha natazama kama nina A na T. Nikikosa nafasi nzuri naweza kungoja zamu moja, mara chache mbili, lakini sizidishi. Mfuko ukiwa umebaki na vipande vichache, Q hutoka hata kwa 11, kwa sababu kubaki nayo mwisho ni kukatwa 10 wewe na kuongezwa mwenzako: umepigwa mara mbili.

Na kama Q haijaonekana na wewe huna, basi ama imo mfukoni au anayo mpinzani. Mchezo ukielekea ukingoni na anayo yeye, ziba zile I zilizo wazi. Mjomba aliniambia baadaye kwamba siku ile alijua ninayo tangu katikati ya mchezo, kwa jinsi nilivyokuwa nikikitazama kila kipande ninachovuta.

Mtu akikupinga, usitetereke. Katika mashindano mengi anayepinga neno halali huadhibiwa, ama kwa kupoteza zamu au kwa pointi, kutegemea kanuni za mahali. Barazani huwa ni kelele tu, ndipo mnakubaliana mapema kamusi gani ndiyo hakimu.

Hatua ya sita: michezo mingine

Katika chemshabongo za Kiingereza, zile za kujaza visanduku, QAT na KAT hupendwa na watungaji kwa sababu ni fupi na zinasaidia kona ngumu. Dokezo litataja Yemen, kichaka, au jani la kutafunwa. Ukiona dokezo kama hilo na visanduku vitatu, andika A na T kwanza, uiache herufi ya mbele mpaka neno linalokatiza likuambie kama ni Q au K. Visanduku vinne, ni KHAT.

Boggle ni tofauti, na watu wengi hujikwaa hapo: kwenye dadu zake Q imeandikwa pamoja na U, Qu, kwa hiyo QAT haiwezekani kabisa. Tafuta KAT au KHAT. Bananagrams ina Q mbili na haihesabu pointi, kasi ndiyo kila kitu, na huko QAT ni dawa ya haraka. Kwa mchezo wa kubahatisha herufi moja moja, ule wa kuchora mtu anayenyongwa, mpe mwenzako KHAT. Atazitaja E, I na O zote kabla ya kuifikia H.

Hatua ya saba: wajue ndugu zake, maana unawajua tayari

Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U ni ya Kiarabu, na mengi ya hayo yaliingia Kiswahili karne nyingi zilizopita. Sisi tuliyageuza Q kuwa K, tukayatia irabu mwishoni, tukayafanya yetu. Mchezaji wa London anayakariri kama nambari za simu. Wewe umeyasikia msikitini, mahakamani, sokoni na kwenye taarabu.

Anza na kadhi. Ubaoni ni QADI, pointi 14. Talaka ni TALAQ, 14. Wakfu ni WAQF, herufi nne tu lakini pointi 19, kwa sababu W na F nazo ni ghali. Fikihi, elimu ya sheria ya dini, ni FIQH, nayo ni 19. Fakiri ni FAQIR, 17. Kibla ni QIBLA, 16. Nikabu ni NIQAB, 16, na burka ni BURQA, 16. Tarika, njia ya masufi, ni TARIQA, 15. Soko limetokana na neno la Kiarabu ambalo ubaoni huandikwa SUQ, pointi 12, na hapo Q imekaa mwisho na U imetangulia, kinyume cha alichofundishwa mtoto wa Kiingereza.

Kaswida ninayoipenda zaidi ni hii: QASIDA, 16. Ukiiongezea S inakuwa herufi saba, QASIDAS, na ukiimwaga yote kwa pamoja unapata 17 na zawadi ya 50 juu yake. Sijawahi kuipata. Naingojea. Na aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha taarabu asilia Unguja amekiona kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani na kupigwa kwa vidole viwili vilivyovishwa kucha za kuchezea. Chombo hicho huitwa kanuni, na ubaoni ni QANUN, 14.

Angalia sasa jinsi ya kutumia elimu hii bila kujidanganya. Si kila K yetu ni Q. Kitabu, kwa mfano, kwa Kiarabu huandikwa kwa kaf, K ya kawaida, kwa hiyo hakina Q kamwe. Kama ulisoma chuoni utajua tofauti kwa kukumbuka jinsi neno linavyoandikwa: qaf ina nukta mbili juu. Kama hukusoma, muulize aliyesoma. Wazee wanaosoma tenzi kwa hati ya Kiarabu watakujibu palepale. Hata hivyo qaf peke yake haitoshi. Kahawa ina qaf, lakini ilifika Uingereza kwa kupitia Waturuki na Waholanzi, na njiani Q ikadondoka, ikawa COFFEE. Kwa hiyo sikio lako linakupa dhana, orodha ndiyo inakupa jibu. Nenda nalo neno kwenye orodha kabla ya kwenda nalo ubaoni.

Jingine ni kwamba maneno haya ninayoyataja hapa nimeyachukua katika orodha ya Collins. Ukicheza na watu waliozoea kanuni za Amerika Kaskazini, hakikisha upya moja moja.

Kuwe na neno la heshima pia. Baadhi ya maneno haya ni ya ibada na ya maisha ya watu. Nimecheza TALAQ mbele ya mtu ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika mwezi ule, nikajuta. Pointi 14 hazikustahili ule ukimya.

Bara letu limeshaonyesha uwezo wake katika mchezo huu. Wellington Jighere wa Nigeria alichukua ubingwa wa dunia wa Kiingereza mwaka 2015 kule Perth, Australia, na mwaka 2017 mashindano hayo yakaletwa Nairobi. Ukifika kwenye klabu za Nairobi utakuta vijana wanaokariri maelfu ya maneno. Ninachosema mimi ni kwamba haya ya Q huhitaji kuyakariri. Unahitaji kuyatambua.

Hatua ya nane: mazoezi ya wiki moja

Kata karatasi ngumu vipande kumi na tatu ukubwa wa karata. Upande mmoja andika neno la Kiswahili kwa herufi kubwa, upande wa pili umbo lake la ubaoni na thamani yake. Siku mbili za kwanza soma kutoka Kiswahili kwenda ubaoni. Siku ya tatu geuza. Siku ya nne na ya tano, toa vipande vya herufi vyenyewe, uyapange maneno kwa mkono, kwa sababu mkono una kumbukumbu yake. Siku ya sita panga ule mfano wa IDOL, kisha utafute mwenyewe maneno mengine matatu ambayo QAT inaweza kulala juu yake, yaanze kwa I. Siku ya saba cheza na mtu, na msianze kuhesabu nani ameshinda. Hesabuni mara ngapi Q imetoka bila U.

Karata ya kwanza iwe ya mmea wetu: upande mmoja MIRAA, kama uko Tanga au Arusha andika MIRUNGI, upande wa pili QAT 12, KHAT 11, KAT 7. Ya pili KADHI, na nyuma yake QADI 14.